Kidole tumbo kimetoboka: apasuliwe kesho au tusubiri?

Baba, Columbus, Ohio. Jumatano, saa tano usiku

Ndugu zangu, habari za usiku. Naandika kwa simu nikiwa kwenye kiti cha wodini, kijana wangu wa miaka saba kalala hapa pembeni. Tumbo lilimwanza Jumamosi, akatapika, akaharisha, tukadhani ni vile virusi vya shuleni. Bibi yake kule Tanga akasema kwa simu ni mchango huo, apewe haluli, ile dawa ya kuharisha. Mama yake akakataa kabisa, na leo namshukuru. Jumatatu mchana maumivu yakapoa ghafla, hata chapati akaomba. Usiku homa ikapanda, akawa anatembea kajikunja kama mzee wa mkongojo. Leo wamempiga ultrasaundi, kisha CT-Scan: kidole tumbo kimetoboka na kuna jipu la kama sentimita tano.

Daktari kanipa njia mbili. Kesho asubuhi wakitoe kwa matundu madogo na kamera. Au wapitishe mrija wa kunyonya usaha, apewe antibayotiki za mshipani, halafu arudi baada ya wiki sita hadi nane ndipo kitolewe. Mwenzangu wa kazini naye kanitumia habari kwamba siku hizi kidole tumbo kinatibiwa kwa dawa tu, bila kisu. Saini wanaitaka kabla ya saa moja asubuhi. Waliopitia, nisaidieni.

Mama, Leicester. Saa sita na robo usiku kwako

Pole sana kaka, pole na kuuguza. Wangu alikuwa na miaka tisa, sisi tulipewa njia ya mrija. Ulikaa siku sita, kimfuko kimening'inia pajani, kila asubuhi nesi anapima usaha uliotoka na kuandika. Homa ilishuka siku ya tatu. Kazi ilikuwa kumzuia asiulalie, mimi silali, nashika mrija wa watu kama kamba ya mbuzi.

Tulipofika nyumbani likaja swali jingine: arudi kukatwa au kiachwe? Huku Uingereza walishafuatilia watoto 106 wa namna hii, matokeo yakatoka 2017. Walioachwa wakiangaliwa tu, kama 12 kwa mia kiliwarudia ndani ya mwaka. Waliorudi kupasuliwa, kama 6 kwa mia walipata matatizo makubwa ya upasuaji. Sisi tuliacha. Mwaka wa tatu huu anacho bado, ila sikufichi, kila akisema "mama tumbo" moyo unanidunda.

Muuguzi wa wodi ya watoto, Minneapolis. Saa saba kasoro usiku

Kaka, hiyo habari ya mwenzako iweke kando kwanza. Mjadala wa dawa bila kisu ni wa kidole tumbo ambacho hakijatoboka. Na hata hapo, utafiti mkubwa wa watoto uliotoka 2025 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 waliotibiwa kwa antibiyotiki peke yake, kama 34 tiba ilishindikana ndani ya mwaka, wengi wao ikabidi wapasuliwe. Cha mwanao kimeshatoboka. Antibayotiki atapata kwa vyovyote. Unachochagua wewe ni kisu kije lini.

Madaktari wa Memphis walilinganisha watoto 131 waliotobokwa, wakachapisha 2011. Waliopasuliwa mapema walirudi kwenye shughuli zao baada ya siku kama 14, waliosubirishwa kama 19, na matatizo yalikuwa 30 kwa mia dhidi ya 55. Lakini wale wa Kansas City mwaka 2010 waliwachukua watoto 40 ambao tayari walikuwa na jipu kama wako, na hapo tofauti haikuonekana, si kwa siku za kulazwa, si kwa jipu kurudi, si kwa gharama. Ndiyo maana madaktari wenyewe hawakubaliani, usidhani wako anababaisha.

Mimi ningemuuliza mambo mawili tu. Je, kwenye picha kuna kijiwe cha kinyesi ndani ya kidole tumbo? Kama kipo, njia ya kusubiri hushindwa mara nyingi zaidi. Na je, utumbo umeshikana kiasi gani? Ukiwa umegandamana sana, kukata leo kunaweza kuwaingiza kwenye kukata zaidi ya walichokusudia. Ukichagua kisu, jua pia kwamba jipu jipya linaweza kuota baadaye. Homa ikirudi akiwa nyumbani, usingoje kuche.

Kaka wa Houston. Saa moja kasoro asubuhi

Nimechelewa kuona. La haraka: omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure na ni haki yako. Usimtumie binti yako mkubwa kutafsiri mambo ya thieta, ni mtoto. Bili ikija usilipe siku hiyo hiyo. Omba mchanganuo wa kila kitu, na kama hospitali ni ile isiyo ya faida, omba fomu ya msaada wa malipo; una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka.

Baba, Columbus. Jumatatu

Ahsanteni, Mungu awalipe. Nilimuuliza ya kijiwe, akanifungulia picha kwenye kompyuta: kipo, cheupe, kama punje ya mbaazi. Utumbo akasema haujashikana sana. Nikatia saini wapasue.

Ilichukua saa moja na nusu. Siku mbili za kwanza tumbo lilijaa, hataki hata maji. Jana alfajiri kashusha upepo, kumbe ndiyo dalili utumbo umeanza kazi, nesi akapiga makofi, mimi nikacheka mpaka machozi. Leo kala uji, homa hakuna, dripu inatoka kesho akiendelea hivi, tutarudi na dawa za kunywa.

Bibi anauliza kama alimeza mbegu za mapera. Nimemwambia Ohio hii mapera tunayaona kwenye picha tu.