Makaburi Dar es Salaam: kila kata itenge yake, au tununue shamba pembezoni?

Hoja: Makaburi ya Kinondoni yamejaa, na mitaa mingi ya Dar es Salaam ilijengwa kabla ya mchoro wa mipango miji kufika. Sasa urasimishaji, yaani kuipanga na kuipima mitaa iliyokwishajengwa, unapita, na kila mtaa unatakiwa kuonesha barabara, shule, zahanati, eneo la wazi na mahali pa kuzikia. Halmashauri iwabane wenye viwanja wamege ardhi ndani ya kata, au inunue shamba kubwa huko Mabwepande au Chanika? Njooni na hesabu.

Mchora Ramani: Kaburi la mtu mzima lipewe mita 2.5 kwa 1.2. Ukiongeza na kipande chake cha njia, unafika mita za mraba 4. Eka 1 ni mita za mraba 4,047. Toa asilimia 30 ya barabara ya gari la maiti, mitaro, miti na banda la kuswalia, zinabaki kama 2,800. Hayo ni makaburi 700. Kata yenye mazishi mawili kwa siku inaimaliza eka hiyo ndani ya mwaka mmoja. Anayesema "kila kata itenge eka" anawatuliza watu tu. Shamba pembezoni, kuanzia eka 100.

Jembe la Pwani: Umehesabu karatasi, hujahesabu udongo. Kwenye mchanga wa pwani kingo za shimo zinamomonyoka, mchimbaji anapanua mdomo, na upana wako wa 1.2 unakuwa 1.8. Hapo kila kaburi linakula mita za mraba 5.5 na zaidi, kwa hiyo 700 zako zimeshuka hadi 500. Mwanandani, ile nafasi ya ubavuni mwa kaburi anapolazwa maiti, ndiyo kabisa, haikai bila mbao.

Halafu maji. Kaburi la kina cha mita 1.5 linataka walau mita 1 ya udongo mkavu chini yake. Kwa hiyo kabla ya kulipia shamba, chimba mashimo matano ya majaribio, kila moja mita 2.5, katikati ya masika. Si Septemba, maana Septemba kila bonde ni kavu na kila dalali ni mkweli. Funika, rudi kesho yake ushushe kamba yenye jiwe. Jiwe likilowa, ondoka. Uingereza mwongozo wao ni mita 250 kutoka kisima cha maji ya kunywa. Kwa visima vilivyochimbwa uswahilini, nioneshe kata ya katikati ya mji itakayotimiza hilo.

Mtendaji Mstaafu: Kwa hiyo wote mnaenda pembezoni. Nani analipia Coaster? Msiba wa mtaani unaendeshwa kwa daftari la rambirambi: sanda au jeneza, chakula, mchimbaji. Ukiongeza magari mawili ya kwenda Chanika na kurudi, familia itazika uani. Miaka kumi baadaye mpimaji anakuta kaburi palipotakiwa kupita barabara ya mita 6, na mnaangukia kwenye Sheria ya Makaburi (Uhamishaji) ya 1969: tangazo, kutafuta ndugu, gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na matambiko. Nafuu ya shamba la mbali mnailipa huko.

Karani wa Wakfu: Mnazunguka tatizo lenyewe, saruji. Mtu mmoja anajengewa sitaha na uzio wa mita 3 kwa 4, nafasi za watu watatu. Katika fiqhi ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, kujengea kaburi kwenye ardhi ya kuzikia watu wote hakuruhusiwi, na maiti akishaoza pale panaweza kuzikwa mwingine. Zuieni saruji, na kata itajitosheleza muda mrefu zaidi.

Na mchoraji aelewe: kutoka Dar es Salaam, kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo kaburi hulala mashariki–magharibi. Ukipanga mistari kwa kufuata barabara iliyopinda, makaburi yatakaa mshazari na kula njia.

Mchora Ramani: La kibla nalichukua, na kosa hilo lipo kwenye michoro mingi. La kurudia kaburi nalikubali nusu. Sheria ya 1969 ni ya kuhamisha pale ardhi inapohitajika kwa matumizi ya umma. Haikutungwa kwa ajili ya kuzika juu ya mwingine. Itahitaji sheria ndogo ya halmashauri, tena kwa vitalu vipya tu, ambavyo ndugu wanaelezwa siku ya kupewa kibali cha kuzika. Ukianza na Kinondoni, penye marumaru na majina, utapigwa mawe.

Jembe la Pwani: Bila daftari la makaburi hamtarudia chochote, maana hamtajua aliyelala pale kazikwa lini. Kila kaburi liwe na namba, na namba iwe ardhini. Kigingi cha mbao kinaliwa na mchwa, cha chuma kinaishia kwa wauza chuma chakavu. Mimina zege, sentimita 15 kwa 15, urefu 50, kizame 40, na namba ichorwe kabla halijakauka.