Hii hatchback mpya imenifikisha mahali mama mkwe anafuta kioo kwa kanga yake

Kiboko wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, ndiyo kwanza nimeingia nyumbani, viatu sijavua, mikono inatetemeka kwa hasira. Gari mnalijua. Silitaji, maana humu ndani kila mtu analisifia: mara limebadilishwa sura, mara taa za mbele zinaita, mara ndani kumetulia. Mimi nilikuwa na toleo lililotangulia na halikuwahi kunikosea adabu. Nikaliuza, nikaongeza hela, nikachukua hili jipya. Gari la familia, watoto nyuma, mizigo kwenye buti, maisha yaendelee.

Leo jioni nimekwenda kumpokea mama mkwe stendi ya Magufuli pale Mbezi. Katoka Singida, na hajawahi kupanda gari langu. Nikamkaribisha kiti cha mbele kwa heshima zote. Tunafika Kimara, mvua ikashuka, ile ya kutoona bampa la mwenzako. Kioo kikapiga ukungu. Gari langu la zamani hapo unazungusha kitufe kimoja bila hata kukiangalia, upepo unapanda kiooni, stori zinaendelea. Hili hapa kitufe hakuna. HAKUNA! Wameng'oa vyote wakabandika skrini kubwa kuliko TV ya sebuleni kwangu, na chini yake kipande cha plastiki nyeusi cha kupapasa ambacho gizani hakina hata taa.

Nagusa, linaniuliza nani anaendesha, nichague jina. Nagusa tena, redio inapanda mpaka mwisho, watoto nyuma wanaziba masikio. Nagusa mara nyingine, kiti cha mama mkwe kinaanza kupata moto. Kiti kinapashwa moto Dar es Salaam wakuu, na mama wa watu ana kanga mbili!

Ndipo akaitazama ile skrini, akanitazama mimi, akavua kanga ya juu, akaanza kufuta kioo. Akamaliza upande wake. Akajinyoosha akafuta na upande wangu. Akasema, "Endesha tu baba, nakufutia."

NAKUFUTIA! Nimelipa mahari mimi, nimelipa ushuru, halafu mama mkwe ananifutia kioo kwa kanga kutoka Kimara mpaka Ubungo! Na pale kwenye taa, injini ikajizima yenyewe. Eti inabana mafuta. Kulizuia lisijizime unaingia tena kwenye skrini, na ukizima gari ukawasha, limesahau uliyoliambia. Buti nalo ukifunua sakafu, spea hakuna, kuna kopo la gundi na kipampu. Lakini hayo nayavumilia. Kanga siivumilii. Aliyekaa ofisini akaamua AC iingie ndani ya skrini hana mama mkwe, na kama anaye, anapanda basi.

Kesho ataongea na wifi zake huko Singida. Ataanza na nini, mnadhani?

Mchungulia Yadi

Hahahaha "endesha tu baba". Mkuu huyo mama apewe gari, wewe rudi kwenye bodaboda.

Kijana wa Sinza

Kitufe cha ukungu kipo mkuu. Upande wa kulia wa usukani, pamoja na vya taa. Soma kitabu cha gari kabla ya kwenda kupokea wakwe.

Kiboko wa Tabata

Kile ni kitufe? Kile ni mchoro kwenye plastiki! Kitufe unakishika, kinabonyea, kidole kinakuambia tayari. Mvua inapiga, lori liko nyuma yangu, mama mkwe yuko kushoto na kanga mkononi, wewe unataka nisome michoro?

Fundi Mstaafu

Mleta uzi ana hoja, acheni kucheka. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya ya skrini likayapima pamoja na Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe. Mwendo kilomita 110 kwa saa, dereva afanye kazi nne za kawaida, mambo ya AC, redio na mengineyo. Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10. Gari lililoshika mkia lilitumia karibu sekunde 45, yaani limekwenda zaidi ya kilomita 1.3 dereva akihangaika na skrini. Na Euro NCAP, hawa wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka indiketa, hazadi, wipa na honi viwe na swichi za kushika ndipo gari lipate alama zote.

Halafu ukungu wa ndani dawa yake ni AC iwashwe, upepo uelekezwe kiooni, na uache kuzungusha hewa ileile ya ndani. Ukungu ukiwa nje ya kioo, umezidisha baridi, hapo piga wipa.

Kiboko wa Tabata

Asante mzee wangu, wewe umenielewa. Ila naona AC hawakuitaja. Honi wameitaja, AC hapana! Kwani honi ndiyo ingemzuia mama mkwe kuvua kanga?

Mama wa Mapacha

Afadhali lako liko kimya. Langu kila nikiwasha kuna dada ananisemesha Kijapani, mwaka wa pili huu. Fundi ananiambia anadai kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kwao huko. Mimi naenda Tegeta, barabara ya Japani inanihusu nini? Na redio yake FM inaanzia 76, inakomea hukohuko 90, stesheni nyingi za hapa siziambulii.

Mchungulia Yadi

Weka ekspanda dada, kile kidude cha kuifanya redio ya Japani ishike stesheni za huku. Kariakoo zimejaa.

Mama wa Mapacha

Niliweka. Sasa stesheni 2 zinaingiliana, mahubiri na mpira kwa pamoja.

Mwana wa Thika

Poleni sana ndugu zetu. Huku Kenya hatuna pa kutorokea, gari likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Nyinyi bado mnaweza kuleta za zamani zenye vitufe.

Kijana wa Sinza

Tunaweza, ila ushuru wa uchakavu unakungoja bandarini. Miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15, ikizidi 10 ni 30. Ndiyo maana watu wanakimbilia mapya wakakutane na skrini.

Mwana wa Thika

Bora mlipe hiyo thelathini mpate kitufe.

Kijana wa Sinza

Utanilipia wewe?

Kiboko wa Tabata

Wakuu turudi kwenye mada. Mama mkwe hapa sebuleni ameomba sabuni afue kanga. Ameomba SABUNI. Mke wangu ananiangalia.

Dereva wa Nyanda za Juu

Mimi nimeshtuka hapo kwenye spea. Gundi ile inaziba tundu la msumari katikati ya tairi tu. Ukipasua ubavu wa tairi kwenye jiwe, kopo halikusaidii chochote. Nilipata pancha Kitonga usiku na gari la aina hiyo, nikalala palepale mlimani na familia. Mtu anayeuza gari la familia bila spea amekosa huruma.

Fundi Mstaafu

Kweli kabisa. Na ukishamwaga ile gundi, fundi tairi anakudai zaidi kwa kusafisha.

Mama wa Mapacha

Kumbe na langu halina?? Ngoja nikafunue buti.

Mama wa Mapacha

Halina jamani. Na kopo lenyewe maandishi ni Kijapani.

Dereva wa Nyanda za Juu

Tafuta spea nyembamba ya dharura, hakikisha matundu ya nati yanalingana. Lako ni la nati 4 au 5?

Mama wa Mapacha

Sijui, nje mvua inanyesha. 4 nadhani.

Mchungulia Yadi

Ninayo ya nati 4, imetumika kidogo. Njoo inbox.