Mjadala: Gemu ya Jeopardy! yenye majibu ya kuchagua bado ni Jeopardy!?

Wadau, kuna wanaotetea kwamba kuweka majibu ya kuchagua kwenye gemu ya video ya Jeopardy!, kipindi cha maswali cha runinga, ni kumrahisishia mchezaji tu, na hakuna kilichoharibika. Mimi napinga.

Tangu Merv Griffin akianzishe kwenye runinga ya NBC mwaka 1964, kipindi hiki cha Marekani kimesimama juu ya jambo moja: unapewa kidokezo, jibu unalitoa kichwani mwako mwenyewe, ukikosea unakatwa dola zilezile ambazo ungezipata. Kwa hiyo hata anayeacha kubonyeza kitufe cha kuomba kujibu anakuwa amepiga hesabu zake. Sasa mwekee majibu matatu mbele. Akiweza kuondoa moja tu lisiloingia akilini, amebaki na nusu kwa nusu, na hesabu yote ya hatari imekufa.

Gemu ya Jeopardy! ya Nintendo ya mwaka 1988, iliyotengenezwa na kampuni ya Rare, haikukubali njia hiyo ya mkato. Jibu uliliandika herufi moja moja kwa padi ya kuchezea huku muda ukiyoyoma. Ilichosha, sikatai, lakini asiyejua alijulikana. Ile ya kampuni ya Ubisoft ya mwaka 2017 ikatumia majibu ya kuchagua.

Wengine watanitajia kipindi kingine cha maswali, Who Wants to Be a Millionaire. Hicho kilizaliwa Uingereza mwaka 1998 kikiwa na majibu manne, na utamu wake wote umo humo: unafuta mawili, unampigia rafiki, au unaondoka na ulichonacho. Kukihamishia kwenye gemu hakukukipunguzia kitu. Jeopardy! haikujengwa hivyo.

Hoja ninayoiheshimu ni ya tahajia. Mwaka 2013 mtoto wa miaka 12 alinyimwa pointi kwenye raundi ya mwisho, ambayo jibu huandikwa, kwa sababu aliandika "Emanciptation" badala ya "Emancipation". Alijua kabisa anachokisema! Mimi naona alionewa. Na kama kalamu mkononi inaweza kumponza mtu hivyo, padi itamponza zaidi. Lakini dawa yake ni programu kusamehe herufi iliyozidi au kukosewa, si kumwonyesha kila mtu jibu.

Kitufe nacho kisisahauliwe. Studioni ukibonyeza kabla ya taa ya kuruhusu kuwaka, unafungiwa robo sekunde, na hapo mwenzako ameshakupita. Kompyuta ya Watson ya kampuni ya IBM ilipowashinda mabingwa wa Jeopardy! Ken Jennings na Brad Rutter mwaka 2011, wepesi wa kubonyeza uliisaidia sana. Ushindani huo gemu inauweza bila shida yoyote, kwa nini basi ilegeze upande wa maarifa?

Tena siku hizi Jeopardy! inachezwa kwa sauti kupitia Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon: unasikia kidokezo, unajibu kwa mdomo. Hakuna herufi za kuhangaika nazo, hakuna A, B wala C. Mnaotetea majibu ya kuchagua, kama hilo linawezekana, mnabaki na sababu gani?