Ushauri: nifanye ovaholi (kufungua injini na kuikarabati upya) au ninunue injini ya mtumba?

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu wa injini.

Gari nililinunua likiwa limeshatumika, injini ya petroli, silinda 4. Kwa sasa linakula oili karibu lita 1 kila kilomita 800, na asubuhi likiwaka linatoa moshi wa bluu hadi naona haya kwa majirani. Tulipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda namba 1, 2 na 4 zimesoma kama psi 170, namba 3 imesoma 95. Fundi akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, tukapima tena, ikapanda hadi 140. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi za pistoni, siyo wa valvu. Kwa hiyo valvu siziwazii sana, tatizo nahisi ni ringi au ukuta wa silinda wenyewe.

Tumeshafungua. Silinda namba 3 ina mchubuko wa wima, ukipitisha ukucha unakwama. Beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti) zimeanza kuonyesha rangi ya shaba, yaani zimelika.

Sasa bajeti ni finyu mno. Fundi anasema tupige msasa tu, tuweke ringi mpya na beringi, tufunge. Mimi nina wasiwasi, maana ukucha ukikwama naona msasa hautauondoa mchubuko. Kuchonga (kutanua) silinda zote na kuweka pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali) ndiyo kunanimaliza mfukoni.

Je, kuna aliyechonga silinda moja tu, gari likatulia, au bora ninunue injini ya mtumba? Na boliti za silinda hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda), mlizirudishia zilezile au mlinunua mpya?