Tupeane uzoefu: Boti za chuma za mifereji ya Uingereza kipindi cha joto kali, mnazipozaje?

Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoishi au kufanya kazi ndani ya zile boti nyembamba za mifereji ya Uingereza. Tarehe 19 Julai 2022, siku kijiji cha Coningsby, Uingereza, kilipofika nyuzi joto 40.3, kila mtu aliona kwamba boti hizi zilijengwa kwa kuogopa baridi, siyo joto. Upana ni mita 2.08 tu. Chuma cha chini kwa kawaida ni milimita 10, cha ubavuni 6, cha paa 4. Aliyewahi kuishi nyumba ya bati isiyo na dari anaelewa haraka, ila huku chini ya bati kuna povu la sentimita 2.5 hadi 4, kisha mbao, kisha kichwa chako.

Naomba tuandike vitu vya kufanya: vipimo, vifaa, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na madirisha, maana watu huhangaika na paa wakayasahau. Dirisha la sentimita 90 kwa 55 ni nusu mita ya mraba. Jua la jioni likilipiga sawasawa, linaingiza karibu wati 300. Madirisha manne ya upande mmoja ni hita ya zaidi ya kilowati 1 iliyowashwa chumbani. Jua likishapita kioo, umechelewa. Pazia la ndani linapata moto na kuutoa humo humo. Kinga lazima ikae nje ya kioo.

Fundi Bati

Umesema kweli, na hiki ndicho kifuniko kinachodumu. Nunua foili yenye mapovu ya hewa, ile ya kuweka nyuma ya radieta ya kupasha nyumba joto. Kata izidi fremu kwa sentimita 4 kila upande. Fremu nyingi ni za alumini na sumaku haishiki alumini, kwa hiyo kifuniko lazima kifike kwenye chuma chenyewe. Sumaku sita zinatosha dirisha moja: nne kwenye pembe, mbili katikati ya kingo ndefu. Zishonee ndani ya kitambaa au zivishe mpira. Sumaku tupu hukwaruza rangi, na kutu itaanzia hapo hapo.

Upande wa nje uwe mweupe. Foili ikiachwa wazi humulika macho ya waendesha baiskeli wanaopita kando ya mfereji, pia ya mshika usukani wa boti inayokuja mbele.

Ukitaka hewa iendelee kuingia, achia ukingo wa chini na uusukume nje kwa vijiti viwili vya sentimita 20, kifuniko kisimame kama kibaraza. Madirisha ya duara kata sahani ya plaiwudi nyembamba na kuipaka nyeupe.

Tahadhari kwa wenye vioo viwili viwili: msibandike foili au plastiki nyeusi kwa ndani ikigusa kioo. Katikati ya kioo panapata moto kupita kiasi, pembeni panabaki baridi ndani ya fremu, na kioo hupasuka chenyewe.

Halafu kagua chuma kisichovishwa kitu. Kile kifuniko cha paa kinachoteleza juu ya ngazi ya nyuma mara nyingi ni chuma kitupu, na milango ya chuma vilevile. Gandisha povu gumu la milimita 20 kwa ndani, funika kwa plaiwudi ya milimita 4. Kabla ya kugandisha, pima kama kifuniko bado kitateleza. Nafasi juu ya reli zake ni ndogo.

Usukani

Kuhusu paa, rangi kwanza. Paa la boti ya futi 57 ni karibu mita 18 za mraba. Rangi nyeusi au bluu nzito hunyonya karibu mwanga wote wa jua. Krimu hurudisha zaidi ya nusu. Hakuna kifaa cha umeme kitakachokupa faida hiyo kwa bei ya makopo matatu ya rangi. Msichague nyeupe kabisa, inaumiza macho ya anayeendesha akitazama mbele juu ya paa. Krimu au kijivu chepesi inatosha.

Lita 1 hufunika takriban mita 12 za mraba, kwa hiyo kupaka mara mbili kunataka lita 3. Sugua kwa msasa namba 120, paka praima mahali chuma kilipoonekana, kisha rangi ya kati, kisha ya mwisho. Anza umande ukishakauka, uache kabla jua halijapasha chuma. Rangi ikipakwa juu ya chuma cha moto hukauka kabla ya kujisawazisha, hubaki na michirizi ya brashi na baadaye hubanduka.

Mto na Mfereji

Ukishapaka krimu, ongeza maji. Lita 1 ikikauka kabisa inaondoka na joto la karibu kilowati-saa 0.67. Lita 5 kwa saa ni zaidi ya kilowati 3, kazi ya viyoyozi vidogo viwili hivi, na maji yapo chini yako bure.

Ila kumwaga ndoo juu ya paa tupu ni kujichosha: maji mengi yanateleza kurudi mfereji kabla ya kukauka. Tandika kitu kinachoyashika, kama shuka kuukuu za pamba au magunia ya katani. Juu yake laza mpira wa bustani uliotobolewa kila sentimita 30, mwisho wake umezibwa. Pampu iwe ndogo ya volti 12 inayoweza kuinua maji mita 2 au zaidi, maana paa liko zaidi ya mita moja na nusu juu ya maji. Itie ndani ya soksi ya nailoni kuzuia majani, uining'inize sentimita 30 chini ya uso wa maji. Ikigusa chini itafyonza tope. Weka koki kwenye mpira upunguze hadi maji yawe yanadondoka tu. Swichi ya muda, dakika 2 kila dakika 15, inatosha.

Anza mapema asubuhi, chuma kikiwa bado kimepoa.

Mama Gati

Ndugu yangu, nakubaliana na kanuni hiyo, lakini umeyapita mambo ambayo watu wataumia nayo.

Maji ya mfereji yanaweza kuwa na mkojo wa panya, na humo ndimo unamotoka ugonjwa wa leptospirosisi. Kidonda kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mimea ya viungo vya jikoni mliyopanda juu ya paa isimwagiwe maji hayo. Mkiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji, huo unaweza kuwa mwani wa buluu-kijani wenye sumu. Pampu izimwe, na mbwa asinywe wala asiogelee.

La pili, yale matundu ya hewa ya paani yenye umbo la uyoga. Shuka isiyafunike. Ndiyo hewa yenu ya kupumua jiko la gesi likiwaka, na ukaguzi wa Boat Safety Scheme (mpango wa usalama wa boti wa Uingereza) wa kila miaka 4 huyaangalia. Kata tundu kwenye shuka kuzunguka kila uyoga. Pia chunguzeni gundi kwenye kitako cha uyoga: ikiwa imepasuka, maji yataingia ndani ya povu na hamtayaona hadi mbao za dari zigeuke rangi.

Na paneli za sola zisimwagiwe maji ya mfereji. Yakikauka huacha utando wa chokaa, umeme unapungua.

Kwangu mimi kivuli ni bora kuliko maji kwa anayekaa mahali pamoja kwa siku kadhaa. Turubai jeupe au krimu, lililoinuliwa sentimita 15 hadi 20 juu ya paa, hewa ipite chini yake. Likilala juu ya chuma, joto lake linashuka moja kwa moja. Lifungwe kwa kamba za mpira kwenye vile vishikio virefu vya ukingo wa paa, na lishushwe kabla ya kuondoka au upepo ukianza. Paneli za sola zilizoinuliwa kwenye miguu tayari zinafanya kazi hiyo hiyo ya kivuli, na zenyewe hunufaika, kwani kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza umeme wake kwa takriban asilimia 0.4.

Mto na Mfereji

Asante dada, hilo la uyoga nilipaswa kuliandika mwenyewe.

Kamba Mbili

Kufungua au kufunga madirisha mchana? Watu hubishana sana. Jibu liko kwenye vipimajoto viwili, kimoja ndani, kimoja nje kivulini. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga. Ndani kukizidi, fungua. Boti yenye povu zuri na vioo vilivyofunikwa inaweza kubaki chini ya joto la nje hadi mchana ikiwa imefungwa tangu saa 3 asubuhi. Boti ya zamani yenye povu la polistairini lililosinyaa haiwezi; hiyo ifunguliwe muda wote, kwa sababu ikifungwa inajipika.

Usiku ndipo ushindi ulipo. Jua la Juni linazama saa 3 na nusu usiku hivi, chuma kinapoa upesi, lakini mbao, magodoro na vyombo vinashikilia joto hadi usiku wa manane. Hewa ipitishwe kwa urefu wa boti: mlango wa mbele wazi, feni ya volti 12 mwisho wa nyuma ikisukuma hewa NJE kupitia kifuniko cha paa. Feni inayozungusha hewa ya moto katikati ya sebule haiondoi kitu, inakausha jasho tu. Weka wavu wa mbu, ukijua unapunguza hewa sana, basi ongeza ukubwa wa tundu badala ya kuongeza feni. Kwa usalama, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza geti la nondo lenye kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Moto ukitokea usiku hutakuwa na muda wa kutafuta ufunguo.

Kulala chini sakafuni pia kunasaidia kweli. Chuma cha chini kimekaa ndani ya maji, na mara nyingi hakina povu.

Waya Mwekundu

Friji na betri. Friji ya kompresa ya volti 12 iliyobanwa kabatini itazunguka bila kupumzika. Nyuma iwe na sentimita 5, tundu la kuingizia hewa chini, la kutolea juu. Juu ya koili weka feni ya kompyuta ya milimita 120 inayokula ampea 0.2, na termostati iiwashe nyuzi 30. Kuna wanaotoboa sakafu ili friji ivute hewa baridi ya chini ya boti. Inafanya kazi, lakini gesi ya kupikia ikivuja hutuama huko huko chini, kwa hiyo tumia feni isiyo na brashi tu, isiyotoa cheche.

Betri za asidi hutaka volti ndogo zaidi kwenye joto: punguza takriban milivolti 24 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Chaja ya 14.4 kwenye chumba cha nyuzi 35 iwe karibu 14.16. Chaja isiyo na kihisi joto itazichemsha. Zenye vifuniko, kagua maji yaliyosafishwa kila wiki mbili.

Injini iwashwe asubuhi, siyo jioni. Inaacha mzigo wa chuma cha moto nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, na tangi la maji moto linaendelea kuvujisha joto usiku kucha. Mwenye sola ya kutosha apashe maji kwa umeme wa mchana, na mabomba yote ya moto yavishwe sponji.

Fundi Bati

Vipi kiyoyozi cha kubebeka? Wengi wanauliza.

Waya Mwekundu

Cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula karibu kilowati 1. Saa 6 ni kilowati-saa 6, yaani betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa zaidi ya 460 imekwisha. Kwa umeme wa gatini sawa. Kwa sola peke yake ni mzigo mzito mno.

Tatizo kubwa ni vile vya bomba moja. Kinatupa hewa nje, na nafasi yake inajazwa na hewa ya moto inayoingia kupitia matundu ambayo hupaswi kuyaziba. Kibaya zaidi, kinavuta: hita ya maji ya gesi yenye bomba la moshi wazi inaweza kurudisha moshi ndani. Visitumike pamoja kamwe. King'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho ni lazima tangu Aprili 2019, kijaribiwe kwa kitufe chake kila wiki. Jiko la mkaa nalo libaki nchi kavu, lisiingizwe hata chini ya turubai la mbele eti limeshazima. Mkaa unaofifia bado unatoa sumu hiyo.

Feni za kupuliza maji hupunguza nyuzi chache mchana mkavu, zikiwekwa mlangoni. Ndani ya boti iliyofungwa zinaleta unyevu tu.

Usukani

Limebaki la mahali pa kufunga boti. Mfereji unaokwenda kaskazini-kusini unaleta jua la asubuhi ubavu mmoja na la jioni ubavu wa pili, na la jioni ndilo baya kwa sababu linaikuta boti imeshapata moto. Kwenye mfereji wa mashariki-magharibi jua hupiga zaidi ubavu mmoja. Kama ubavu huo ndio wenye madirisha makubwa, nenda hadi sehemu pana ya kugeuzia, geuza, urudi. Hakikisha upana wake unatosha urefu wa boti yako, hasa kiangazi maji yakiwa yamepungua na kingo zikiwa na tope.

Kivuli cha mti ni kizuri kwa mchana mmoja. Kikizidi, sola inakufa na utomvu unaganda kwenye rangi. Mti aina ya willow au beech wenye matawi makubwa yaliyotanda usikae chini yake siku za joto tulivu. Matawi yake huvunjika bila upepo wowote. Funga mita 10 mbele yake, upande wa mashariki, na kivuli kitakufikia alasiri unapokihitaji.