Tufaha la Kingston Black la kutengenezea saida, Kabale litakubali?

Mkiga_Milimani:
Habari za jioni wandugu. Niko Kabale, Uganda, nina miti ya matufaha aina ya Anna na Golden Dorset, sokoni inauza vizuri ila yale madogo na yenye makovu wachuuzi hawayataki kabisa, sasa nimewaza niyakamue nitengeneze saida, ile pombe ya matufaha. Nilionjeshwa saida ya Kingston Black kutoka Uingereza, inakausha mdomo kidogo halafu utamu unakuja nyuma, jamani. Naweza kuagiza vikonyo vyake, yaani vijiti vya kubebeshea, nikabebesha kwa miti yangu?

ShambaKwanza:
Ssebo hiyo achana nayo. Kingston Black ni ya Somerset huko Uingereza, wameikamua tangu karne ya 19, na matufaha mengi ya kule yanataka masaa 800 mpaka 1000 na zaidi ya baridi ya chini ya nyuzi 7 ndo macho ya mti yafunguke vizuri. Kabale asubuhi kunauma kweli lakini saa nne jua lishatoka, baridi gani hiyo. Anna ilizalishwa Israel, Golden Dorset ilitokea Bahamas, ndo maana zinavumilia kwetu, na hata hizo si bado unazipukutisha majani kwa mkono ili zichanue? Alafu hata kwao Kingston Black ni mvivu, inazaa kidogo, vidonda vya shina na madoa haviishi, wanaivumilia sababu ya juisi tu.

Mama_Tonto:
Mimi ya wazungu siyajui ila mbidde naijua. Ndizi ya mbidde huwezi kupika ukala, inakwaruza ulimi, ila tonto, pombe yetu ya ndizi, ndo inatoka hapo. Hilo tufaha si mbidde yao tu?

ShambaKwanza:
Nyabo umepatia. Kinachokwaruza ni tanini, kwenye mbidde na kwenye matufaha ya saida ni hiyo hiyo. Waingereza wana kipimo kabisa, kilitoka kituo cha utafiti cha Long Ashton kilichoanzishwa 1903: asidi ikizidi asilimia 0.45 na tanini ikizidi 0.2 tufaha linahesabiwa chungu na kali kwa pamoja. Kingston Black iko kundi hilo, ndo maana inaweza kutengeneza saida peke yake wakati mengi lazima yachanganywe. Anna asidi inayo, tanini ndo hamna kitu.

Mkiga_Milimani:
Kwahiyo nichanganye na juisi ya mbidde?

Mama_Tonto:
Jaribu kidogo pembeni kwanza usije ukaharibu jerikeni zima. Mbidde ikandwe na nyasi bila kumiminia maji mengi, na mtama wa kukaanga usitie, ukitia hiyo ni tonto tena.

Kijana_Mbale:
Njia rahisi ni chai. Wanaotengeneza saida nyumbani kwa matufaha ya kula wanachemsha chai nyeusi kali, bila maziwa tafadhali 😂, ikipoa wanamimina kwenye juisi kabla ya hamira, tanini inapatikana hapo. Usikamulie kwenye chuma kinachoshika kutu, asidi inakila. Na mfuniko usikaze kabisa, gesi lazima itoke, chupa zikipasuka utaokota vioo mpaka Krismasi. Ukitaka kuuza uanze na UNBS, shirika la viwango la Uganda, mapema maana bila alama yao duka la maana halikupokei.

Mkiga_Milimani:
Majani ya chai ya Kanungu ninayo hapa. Kwa jerikeni la lita 20 niweke kiasi gani?

Kijana_Mbale:
Anza na kikombe kimoja kikali, onja, ukiona bado ongeza. Usimwage chote kwa pamoja.