Mjadala: Naloksoni wapewe watumiaji na familia zao, au ibaki hospitali?

MLETA MADA
Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Naloksoni ni dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, mofini, fentanili au methadoni. Je, wapewe watumiaji wenyewe, wenzao na mama zao, au ibaki mikononi mwa daktari na muuguzi?

Mimi ni muuguzi wa dharura na msimamo wangu siufichi: wapewe. Aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni anakufa kwa kukosa pumzi. Dawa inakalia vipokezi vya ubongo, yaani sehemu za seli zinazoipokea dawa, sehemu inayoendesha upumuaji inalegea, pumzi zinapungua, kisha kimya. Dakika chache bila oksijeni zinatosha kuuharibu ubongo. Naloksoni inaiondoa ile dawa kwenye vipokezi na kukaa yenyewe. Sasa, dakika hizo chache nani anakuwa karibu na mgonjwa? Si mimi.

Kuna kijana aliletwa usiku amelazwa kiti cha nyuma cha gari, midomo ya bluu, mboni za macho zimesinyaa hadi nukta. Tulimsaidia kupumua, tukamchoma naloksoni, tukahangaika na moyo wake hadi ukarudi. Yeye hakurudi. Mwenzake akatueleza kwamba walimsikia akikoroma muda mrefu, wakadhani usingizi umemnogea. Chumba kilikuwa na watu wanne walio macho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na dawa wala aliyejua ule mkoromo ni nini.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Pole kwa kazi, mkuu. Ila mimi nina mdogo wangu, mwaka wa nane huu yuko kwenye unga. Nimeuza vitu, nimelia, nimempeleka kwenye matibabu mara tatu. Leo nimkabidhi na dawa ya kumwamsha? Si nimemwambia aendelee? Mtu akijua yupo wa kumzindua, anaongeza kipimo. Na si maneno yangu tu: mwaka 2018 wachumi wawili wa Marekani walitoa andiko kwamba sheria za kurahisisha upatikanaji wa naloksoni hazikupunguza vifo kwa jumla, na wanaofika hospitali kwa dawa hizo waliongezeka.

MLETA MADA
Ndugu yangu, uchungu wako nauheshimu, na andiko hilo nalifahamu. Lakini lilipima kwa tarehe ambazo majimbo yalipitisha sheria. Sheria kupita hakukuambii ni chupa ngapi zilifika mikononi mwa watu. Halafu aliyezidisha asipofia chumbani, anafika hospitali. Ongezeko hilo linaweza kuwa watu waliookoka. Utafiti wa Massachusetts, jimbo la Marekani, uliotoka mwaka 2013 ulifuatilia miji 19 kwa kuhesabu waliofundishwa na kupewa naloksoni. Vifo vilipungua zaidi kule walikofundishwa wengi.

Kuhusu kuongeza kipimo: umewahi kumwona mraibu akizinduliwa kwa naloksoni? Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa ghafla, inampiga palepale. Jasho, kutapika, kuharisha, maumivu mwili mzima. Wengi huamka na hasira, wengine wananitukana. Sijaona anayeitamani hali ile.

Wala si jambo jipya. Chicago wanaharakati walianza kuwagawia watumiaji mwaka 1996, Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wa kuipendekeza kwa watu wa kawaida mwaka 2014, na Marekani mwaka 2023 ikaruhusu ya kupulizia puani iuzwe bila cheti cha daktari.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi ni mfamasia. Naunga mkono kugawa, ila mleta mada umeruka jambo zito. Nguvu ya naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90 hivi. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mtu anaamka, anasema yuko sawa, anaondoka, anajilaza peke yake, na pumzi zinakata upya. Pili, siku hizi dawa za mitaani zinachanganywa na vitu kama zailazini, dawa ya usingizi ya mifugo. Naloksoni haiigusi kabisa. Chupa bila mafunzo ni nusu ya kazi.

MLETA MADA
Hapo umenisahihisha, na nakubali. Niliandika kana kwamba chupa inamaliza kazi. Igawiwe pamoja na mafunzo, na aliyezinduliwa asiachwe hata akifoka. Ndiyo maana maabara za kupima sumu zinahitaji fedha pia: bila kupima kilichomo kwenye damu za wanaoletwa, tunatibu kwa kubahatisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Bado sijakubali igawiwe ovyo. Lakini hilo la mkoromo limeninyima raha. Mdogo wangu anakoroma sana siku hizi. Nifanye nini?

MLETA MADA
Akikoroma kwa namna usiyoizoea, mtikise mabega, mwite jina kwa sauti, sugua kifua chake kwa nguvu kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, piga simu ya dharura kwanza. Naloksoni ikiwepo, mpe. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa mbali, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe mgeuze ubavu, goti la juu likunjwe, asije akapaliwa na matapishi. Kaa naye hadi gari la wagonjwa lifike. Na leo usiku, kama unaweza, lala chumba kimoja naye.